Ukitumia Dawa za Presha, Usisimame kwa Ghafla

Baadhi ya wagonjwa wa shinikizo la damu huacha vidonge kwa sababu ya kizunguzungu wanaposimama. Tueleze asili ya jambo hili kwa kuzitazama dawa za zamani.

Mwilini mna mishipa ya fahamu ifanyayo kazi bila sisi kuiamuru. Ndiyo inayoongoza mapigo ya moyo, kubana mishipa ya damu, kutoa mate na kusukuma chakula tumboni. Amri zake hupitia kwanza kwenye vifundo vidogo viitwavyo ganglia, kama abiria anayeshuka basi moja na kupanda jingine. Kemikali iitwayo asetilikolini ndiyo inayovusha amri hapo.

Mwaka 1948, William Paton na Eleanor Zaimis huko London walieleza jinsi heksamethoniamu inavyozuia amri hizo zisivuke. Katika miaka ya 1950 wagonjwa wa presha kali walidungwa dawa hiyo, na presha ilishuka kweli. Lakini kwenye ganglia hupita amri za kila namna, nayo dawa haikuchagua. Mdomo ulikauka, choo kikafunga, mkojo ukawa mgumu kutoka, macho yakaona ukungu, na wanaume wakapungukiwa nguvu.

Hatari nyingine ilikuwa kuanguka. Mtu akisimama, damu huelekea miguuni. Mara moja mishipa ya fahamu huamuru mishipa ya damu ijibane. Amri ikizuiwa, ubongo hupungukiwa damu na mtu huzimia.

Kwa matibabu ya kawaida ya presha, dawa hizo zilikwisha kuachwa. Vidonge vya leo havifungi ganglia. Hata hivyo, baadhi yake vyaweza kuleta kizunguzungu ukisimama, hasa kwa wazee, au mtu akiharisha na kupungukiwa maji.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, ndipo usimame polepole.

2. Ukisikia kizunguzungu, keti au lala papo hapo.

3. Taja dawa zote unazotumia, hata za mitishamba.

4. Usiache wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wako. Njoo upimwe ukiwa umeketi na ukiwa umesimama, ili daktari arekebishe dawa.

Kizunguzungu hurekebishwa. Presha iliyoachwa bila dawa huharibu moyo na figo kimyakimya, na huweza kuleta kiharusi.