Ngisi wa Lamu ana ujuzi ambao wahandisi wanautafuta

Siku utakapofika Lamu, amka mapema ushuke pwani wavuvi wanapopakua samaki. Omba uonyeshwe ngisi aliyetoka majini sasa hivi, kabla hajapauka. Mtazame upande huu, kisha ule. Utaona mng'aro wa kijani, buluu na wekundu ukihamahama.

Vile vidoa vya hudhurungi ni vifuko vya rangi ya kawaida. Mng'aro ni jambo jingine. Chini ya vidoa mna seli zilizojaa mabamba ya protini iitwayo riflektini, yamepangana kama kurasa za kitabu. Gawanya unene wa unywele mara mia kadhaa, ndipo upate unene wa bamba moja! Mwanga huruka kwenye kila bamba. Mawimbi yanayolingana na nafasi hizo hupeana nguvu, mengine hufifishana. Ndiyo rangi unayoiona.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichunguza ngisi wa pwani yao. Neva ikitoa ishara, mabamba hupoteza maji, hukonda, na rangi huhama kutoka wekundu kwenda buluu. Basi mnyama huyu, ambaye sisi twamjua kwa mchuzi wa nazi, huchagua rangi kwa kubana nafasi tu.

Haya yanakuhusuje? Tangu 2009, waya wa baharini wa TEAMS huleta intaneti Mombasa kwa njia ya mwanga. Mwanga huo lazima ugeuzwe umeme ndipo kompyuta iuelewe, na kazi hiyo hula nguvu. Kwa hiyo wahandisi wanauingiza mwanga ndani ya chipu yenyewe. Huchonga viduara vya silikoni, vidogo kuliko upana wa unywele. Wimbi linalotimia barabara katika mzunguko hunaswa humo. Mengine hupita zake.

Ili kunasa rangi nyingine, kiduara hupashwa moto na hita ndogo mno. Hapo ndipo penye taabu: hita hula umeme, na joto la jirani huharibu mpango wote. Ngisi hahitaji hita, maji yanamtosha.

Ila ni mzito. Mabamba yake huchukua sekunde kadhaa, pengine zaidi, kubadili rangi, na chipu haiwezi kungoja hivyo.