Siku Arobaini za Kwanza: Kuupunguza Mzigo wa Kulea Kichanga

Kichanga hajui usiku wala mchana. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, hivyo huamka kila baada ya saa mbili au tatu na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kwa jumla hulala saa 14 hadi 17, lakini kwa vipande vifupi vifupi, na hapo ndipo uchovu mwingi wa wazazi unapoanzia. Katika wiki za kwanza hakuna namna ya kumfundisha alale usiku kucha. Linalowezekana ni kuipanga nyumba ifuate mwendo wake, na kumwondolea mama kila kazi ambayo mtu mwingine anaweza kuifanya.

Kugawana kazi

Desturi ya arobaini, inayofuatwa sana pwani na kwingineko Afrika Mashariki, imejengwa juu ya hekima hiyo. Mzazi hukaa ndani siku 40, na mama yake, mama mkwe au shangazi huja kumtunza, kumpikia mtori, uji na supu, na kumwogeshea mtoto. Mijini, ambako ndugu wako mbali, mpango huo inafaa ufanywe kabla ya kujifungua: nani atapika, nani atafua nepi, nani atawahudumia watoto wakubwa. Tanzania, sheria inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba angalau siku 3. Kenya, mama hupata miezi 3 na baba wiki 2. Siku za baba ni chache, na zina faida kubwa akizitumia kushika kazi za nyumbani.

Wageni nao wapangiwe muda. Anayekuja anawe mikono kabla ya kumpokea mtoto, mwenye mafua asubiri apone, na zawadi inayosaidia kuliko zote ni chakula kilichokwisha kupikwa.

Kunyonyesha

Mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yana kinga nyingi na hayapaswi kukamuliwa na kumwagwa. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, hata kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji. Maji ya kunywa, maji ya sukari na dawa za tumbo za dukani hujaza tumbo bure na huweza kuleta maradhi.

Maumivu ya chuchu mara nyingi husababishwa na mtoto kushika ncha tu. Afungue mdomo wazi, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya eneo jeusi iingie mdomoni. Usiku, kunyonyesha kwa kulala ubavu humpumzisha mama, ilimradi mtoto arudishwe mahali pake akishiba. Mama asiyejua kama maziwa yanatosha aangalie nepi: kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida, na watoto wengi huurudisha ndani ya wiki mbili.

Usingizi

Kichanga alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala nguo nzito karibu na uso, na ndani ya chandarua chenye dawa. Chumba kiwe cha wazazi, lakini awe na mahali pake. Mchana mapazia yafunguliwe na nyumba iendelee na shughuli zake. Usiku taa iwe hafifu na mazungumzo yawe machache, ili taratibu azoee tofauti. Mama naye alale mtoto anapolala.

Usafi

Nepi, pamba, kanga safi na nguo za kubadilisha zikikaa mahali pamoja karibu na kitanda, kazi ya usiku wa manane huwa ya dakika chache. Nepi za kitambaa zianikwe juani kisha zipigwe pasi pande zote, kwa sababu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu yake huingia ngozini.

Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa. Baada ya hapo, kuoga mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, mradi uso, shingo na makalio vifutwe kila siku. Kitovu kiachwe kikavu, na nepi ikunjwe chini yake. Majivu, mafuta au samli juu ya kitovu vinaweza kuingiza vijidudu, na wanja wa machoni huweza kuwa na madini ya risasi.

Kilio

Kilio huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Ni vyema kukagua kwa mpangilio: njaa, nepi, joto au baridi, kucheua, na hamu ya kubebwa. Kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, humtuliza sana. Njia hiyo ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, na baba pia anaweza kuifanya. Mlezi anayehisi hasira inapanda amlaze mtoto mahali salama na atoke kidogo. Kichanga hatikiswi kamwe.

Hatari na kliniki

Mtoto apelekwe hospitali mara moja akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akilegea, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akipoa mwili, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Mama naye awahi akivuja damu nyingi, akiwa na homa au kuumwa sana kichwa. Machozi ya siku za mwanzo hupita. Huzuni inayozidi wiki mbili inahitaji mhudumu wa afya.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto wachunguzwe ndani ya saa 24, kisha siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita. Chanjo za kifua kikuu na polio hutolewa anapozaliwa, na zinazofuata huanza wiki ya sita, siku chache tu baada ya arobaini kwisha.