Kinanda kikinyamaza, usikimbilie kukitupa

Sisi watu wa pwani tumelelewa na sauti ya kinanda. Tangu zama za kodiani na hamoniamu mpaka hizi kibodi za umeme za leo, arusi ngapi za Mombasa zimepita bila mpigaji kinanda? Lakini kikiharibika, wengi wetu hatujui hata pa kuanzia. Kibonyezo kimoja kikikataa kulia, chombo kizima huwekwa juu ya kabati, na mwisho wake ni jaani.

Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipopangiwa kufundisha Lokiriama, kaunti ya Turkana, kule mpakani na Uganda. Ni mahali panapojulikana kwa mapatano ya amani ya mwaka 1973 baina ya Waturkana na Wamatheniko, ambayo mpaka leo huadhimishwa hapo kila mwaka. Kwaya ya watoto wetu ilikuwa ikijitayarisha kuimba siku hiyo, na kinanda tulikuwa nacho kimoja tu, cha msaada. Siku tisa kabla ya sherehe, kibonyezo cha fa, pale katikati kabisa, kikanyamaza. Kingine karibu yake, la, kikawa kinapiga kelele hata ukikigusa kwa ncha ya kidole. Na kimoja cheupe kulia kwake kikazama kisirudi juu.

Fundi mmoja wa mjini alisema kwa simu kwamba bodi imekufa, na bei aliyoitaja ilikaribia bei ya kinanda kingine. Nikampigia ami yangu Mombasa, aliyetengeneza vyombo vya taarab maisha yake yote.

"Usishike bisibisi kwanza," akaniambia. "Niambie kinaumwa vipi. Kila ugonjwa una mahali pake."

Hilo ndilo somo la kwanza, na ndilo ninalotaka ulishike, ndugu msomaji: kabla ya kufungua, tambua dalili.

Chini ya kila kibonyezo kuna mkanda wa raba wenye vikombe vidogo. Ndani ya kila kikombe, kwa kinanda kinachotofautisha mguso mwepesi na mzito, kuna vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kidoa cha kwanza hugusa bodi, kisha cha pili hufuata baada ya muda mfupi mno. Kinanda hupima muda huo. Ukiwa mfupi, kinajua umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, kinajua umegusa polepole. Hakuna waya unaovutwa wala nyundo inayopiga waya kama kwenye piano ya zamani. Ni mguso tu.

Kwa hivyo kibonyezo kinachoshuka na kupanda vizuri lakini hakilii, mara nyingi kina uchafu baina ya kaboni na bodi. Kinacholia kwa kelele moja tu, huenda kidoa kimoja kati ya viwili hakigusi sawasawa, na kinanda kinakosa hesabu ya muda. Kinachozama kisirudi, tatizo lake ni la plastiki, springi, au kitu kilichoanguka chini yake. Lakini vikinyamaza vingi kwa mpangilio, tuseme kila cha nane, hapo shuku waya au kifaa kidogo cha bodi, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Vyangu viwili vilikuwa vya uchafu. Turkana vumbi ni laini kama unga na hupenya popote. Kwetu pwani adui ni mwingine: hewa ya chumvi na unyevunyevu, unaotia kutu springi na skrubu na kuacha utando juu ya bodi. Maradhi mawili, dawa karibu ni moja.

Tulifanya hivi. Nilizima kinanda, nikachomoa umeme, nikatoa na betri. Nikakilaza kifudifudi juu ya mkeka uliotandikwa leso mbili. Skrubu za chini hazina urefu mmoja, na ndefu ikiingia pahali pa fupi hutoboa plastiki ya juu. Kwa hivyo nilichora umbo la kinanda kwenye karatasi, nikaweka kila skrubu mahali pake juu ya mchoro. Kifuniko ukifungue polepole, kwa sababu kuna nyaya za spika na nyaya bapa kama utepe zinazounganisha pande mbili. Utepe usiuvute kwa mwili wake; ukikatika, ndipo hasara ya kweli inapoanza. Na kama ni piano kubwa ambayo waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani, bila adapta ya nje, usiifungue mwenyewe. Hapo pana umeme wa kuua.

Katika vinanda vingi vyepesi, vibonyezo havitoki kimoja kimoja. Huwa vimeshikana kama chanuo: do, mi, sol na si pamoja, re, fa na la pamoja, na vyeusi peke yao. Anza na chanuo lililo juu ya mengine. Piga picha kwa simu kila hatua.

Chini yake utauona mkanda wa raba, umeshikiliwa na vichuchu vidogo vilivyopenya matundu ya bodi. Uinue taratibu. Pamba na spiriti ya famasi, isiyo na rangi wala mafuta, zinatosha kusafisha bodi. Raba ipanguse kwa kitambaa laini kikavu tu. Usiikwangue, usiipige msasa, maana kaboni ikitoka hairudi. Na usinyunyize mafuta ya kulainishia bawaba. Yatavuta vumbi zaidi na kuozesha raba. Acha kila kitu kikauke kabisa, kisha rudisha mkanda na sukuma vichuchu kwa kijiti butu mpaka vikae vyote. Kimoja kikibaki nje, kikombe kitakaa upande.

Kilichobaki kilikuwa kile kilichozama. Plastiki yake nyembamba ya nyuma, inayojikunja kila ukibonyeza, ilikuwa imekatika. Nikataka kuitia gundi. Ami akacheka. "Gundi hushika kitu kilichotulia, mwanangu. Pale panapinda mara elfu kwa siku." Akanifundisha hila ya mafundi: vibonyezo vya jina moja huwa na umbo moja katika kila oktavu, isipokuwa cha mwisho kabisa. Tukatoa chanuo zima la oktavu ya chini kushoto, ambayo watoto hawaigusi, tukalileta katikati. Lililovunjika likaenda kukaa pembeni.

Nilikosea mara moja. Kwa pupa ya kusikia sauti, nilifunga skrubu zote kabla ya kujaribu, na la ikawa bado inapiga kelele. Ikabidi nifungue tena. Kichuchu kimoja hakikuingia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Jaribu kwanza, funga baadaye.

Siku ya maadhimisho watoto waliimba na kinanda chao. Hakuna aliyejua kwamba kule chini kabisa kuna kibonyezo kilichozama, na hakuna aliyehitaji kujua.

Sasa kinanda chetu hufunikwa leso kila baada ya mazoezi. Nanyi wa pwani fanyeni vivyo hivyo, lakini msikifunge ndani ya nailoni kikiwa na unyevu, maana mtakifungia kutu. Msikiweke karibu na dirisha la baharini, wala kikombe cha chai juu yake. Na kama mnacho kimoja juu ya kabati kilichonyamaza miaka, kishusheni Jumamosi hii. Bonyezeni kimoja kimoja, mwandike kipi kinyamavu, kipi chenye kelele, kipi kilichozama. Huenda kinachowatenga na sauti yake ni chembe ya vumbi.