Mwezi Mzima Sitahani: Maisha ya Mabaharia wa Jahazi

Mkulima wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, anayetayarisha shamba la maharage mwezi Oktoba na nahodha wa pwani anayetayarisha jahazi lake wanasubiri badiliko lilelile la hewa. Jua likisogea kusini mwa ikweta, mkanda wa mvua huteremka nalo, na vilima vya Kigoma huanza kulowa. Upande wa Bahari ya Hindi kusi, upepo utokao kusini, hulegea, na kufikia Desemba kaskazi, upepo utokao kaskazini, imeshashika. Kwa karne nyingi upepo huo ndio ulioleta majahazi ya Arabuni hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, kisha kusi ya kuanzia Aprili ikayarudisha kwao.

Mtu aliyekulia takriban kilomita 1,000 kutoka pwani huwaza dhoruba kwanza anaposikia habari za safari hizo. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliziishi safari zenyewe. Desemba 1938 alipanda Bayan huko Aden, jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akashuka nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Kitabu alichokitoa mwaka 1940 kina bahari chafu, naam, lakini sehemu kubwa ya siku zake inakwenda kwenye upishi, ushonaji, sala na kungoja upepo.

Na maji. Hapo ndipo safari ndefu inapofanikiwa au kuharibika. Tuchukue mabaharia 30, kila mmoja akipimiwa lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia: hizo ni lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20, kila siku. Kwa mwezi mmoja yanahitajika madumu 180. Wakiongezeka abiria 100, kama ilivyokuwa kawaida kwa majahazi ya kaskazi, matumizi yanaruka hadi madumu 26 kwa siku, na hakuna kisima njiani. Ndiyo maana maji baridi hayakuogewa. Baharia alioga maji ya chumvi, ambayo sabuni ya kawaida haitoi povu ndani yake kwa sababu ya kalisi na magnesi, na chumvi iliyokaukia mwilini ilimchubua kila nguo ilipomsugua.

Kwa nini asinywe ya baharini? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo mwili hulazimika kutumia maji yake wenyewe ili kuisafisha chumvi iliyoingia. Anayekunywa huzidi kukauka. Wakazi wa jirani na Uvinza, Kigoma, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa tangu enzi na enzi ili kupata chumvi, wanaelewa vizuri maji ya namna hiyo yanafaa kwa kazi gani.

Jiko lilikuwa sanduku la mbao sitahani, likiwa na mchanga chini ili moto usiunguze chombo. Asubuhi ilianza na sala ya alfajiri, kisha mikate isiyochachuliwa. Mchana wali, samaki kama wamepatikana, la sivyo tende na samaki mkavu. Abiria walijipikia wenyewe, na foleni ya jiko moja kwa watu zaidi ya mia ilitosha kuzua ugomvi.

Baada ya chakula, kazi. Maji yanayopenya kwenye mbao lazima yafuliwe, yaani yatekwe na kumwagwa nje, kila siku. Kamba hukatika, tanga huchanika. Uzi wa kushonea tanga hupakwa nta ya nyuki ili upite kirahisi na usioze upesi, na yeyote anayerina asali Kibondo ataitambua harufu yake. Ndani ya Bayan fundi seremala aliunda mashua nzima sitahani wakiwa safarini.

Kazi ya hatari zaidi ilikuwa kuhamisha tanga. Jahazi kubwa haligeuzi omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuukabili upepo. Hugeuzwa kwanza upepo uje kutoka tezi, yaani nyuma, foromali, mti unaoshikilia tanga, isimamishwe wima, ndipo tanga zima lipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Mabaharia wote huitwa, usiku au mchana, na kamba moja ikiponyoka inaweza kumvunja mtu mbavu. Kwa hiyo walilala hapohapo sitahani na nguo zao. Siku hizi watu wawili wanaovuka bahari kwa boti ndogo ya matanga hupokezana zamu za saa tatu au nne, na uchovu wa kulala vipande vipande huwatesa kuliko mawimbi.

Zipo safari zilizokuwa ndefu zaidi. Meli ya Sultana ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, iliondoka Zanzibar Februari 1840 na pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika New York tarehe 30 Aprili. Ilikuwa imechoka kiasi kwamba jeshi la majini la Marekani liliifanyia matengenezo.

Kinachouma zaidi katika maelezo ya Villiers ni malipo. Baharia hakuwa na mshahara. Alipata fungu la faida mwisho wa safari, baada ya gharama za chakula na chombo kutolewa, na mara nyingi fungu hilo lilikuwa limekwisha kuliwa na deni alilokopa kwa nahodha ili aache chochote nyumbani. Nahodha naye alidaiwa na wafanyabiashara. Miezi yote ya kufua maji, kushona tanga na kupakia boriti katika tope la Rufiji ilimrudisha baharia Kuwait akiwa bado anadaiwa, na kiangazi kikiingia wengi walikwenda kupiga mbizi za lulu ili kulipa deni lilelile, wakati ambapo lulu za kufugwa za Japani zilikuwa zimeshaiporomosha bei.