Damu ya Kitovu: Benki Nzuri Huchaguliwaje?

Mkulima hodari hapandi mbegu asiyoijua. Huichambua kwanza, akatupa iliyooza na iliyotobolewa na wadudu. Madaktari nao hufanya hivyo kwa damu ya kitovu.

Damu hiyo ni nini? Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa mrija unaotoka kwenye kondo la nyuma na kuingia kitovuni. Akizaliwa, mrija hukatwa. Ndani ya mrija na kondo hubaki damu kidogo. Damu hiyo ina chembe changa zinazoweza kutengeneza damu mpya. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na uboho, ulio ndani ya mifupa.

Mwaka 1988, mjini Paris, Ufaransa, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto wa miaka 5 kutoka Marekani. Uboho wake ulishindwa kutengeneza damu. Walimpa damu ya kitovu cha mdogo wake, akapona. Baadaye zikaanzishwa benki za kutunza damu hiyo kwa ajili ya wagonjwa wengine.

Kwa nini benki ichaguliwe kwa makini? Kabla ya kupewa damu hiyo, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uboho wake. Ni kama shamba lililong'olewa kila kitu. Mbegu isipoota, mgonjwa anaweza kufa.

Kwa hiyo daktari huiuliza benki maswali haya:

1. Chembe ni ngapi, na ziko hai? Damu ya kitovu ni chache. Inaweza kumtosha mtoto mdogo, lakini isimtoshe mtu mzima.

2. Je, ni safi? Mama lazima awe amepimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Damu nayo hupimwa kama ina vijidudu.

3. Je, inapatana na mwili wa mgonjwa? Isipopatana, huweza kuushambulia mwili wake.

4. Imetunzwaje? Hugandishwa kwa naitrojeni, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Benki lazima iwe na daftari linaloonyesha kuwa baridi haikupungua.

5. Ni ya nani hasa? Mfuko wa damu huwa na kijirija kilichoungana nao. Damu ya kijirija hicho hupimwa tena kabla mfuko haujatolewa, ili isipelekwe damu ya mtu mwingine.

6. Nani anaikagua benki? Benki isijisifu yenyewe. Chama kiitwacho FACT hukagua benki za nchi mbalimbali. Huko Marekani, serikali ilitoa leseni ya kwanza ya damu hiyo mwaka 2011, kwa benki ya New York.

Ziko pia benki zinazotoza wazazi fedha ili zitunze damu ya mtoto wao. Wazazi, msiharakishe kulipa. Mtoto mwenye selimundu hawezi kuponywa kwa damu ya kitovu chake mwenyewe, kwa sababu ina ugonjwa ule ule. Zungumzeni kwanza na daktari, kisha iulizeni benki maswali hayo sita. Isiyoweza kujibu, iacheni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini damu mbovu ni hatari kwa mgonjwa ambaye uboho wake umekwisha kuuawa?
2. Kwa nini benki ikaguliwe na watu wa nje?