Likizo kubwa: mtoto yuko wapi saa hii?

Mwanzoni mwa mwezi wa saba watoto wanaleta buletini nyumbani, na likizo kubwa inaanza. Hapa Uvira inaendelea mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni miezi miwili, na wazazi wengi tunajiuliza: huyu mtoto tutamweka wapi?

Tangu serikali yetu ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi ya bure mwaka 2019, watoto wengi wamepata nafasi, na tunamshukuru Mungu. Lakini wengine wetu tumezoea kuiachia shule mzigo wote. Kumbukumbu la Torati 6:7 inampa mzazi mwenyewe kazi ya kufundisha watoto wake, akiwa nyumbani na akiwa njiani. Wakati wa likizo hatuna tena mwalimu wa kumsingizia.

Nyumbani kwetu tuna mtoto wa miaka saba. Mwaka jana tulianza likizo yake kwa mikutano, misiba na kutembelea wagonjwa. Jioni moja akauliza: "Papa, wewe likizo yako inaanza lini?" Tulicheka. Siku mbili baadaye jirani akatuambia kwamba mtoto anashinda ziwani na wenzake wakubwa, wanaoga na kunywa maji yale yale. Hatukucheka tena. Tulijua ratiba ya kila kamati ya kanisa, lakini ya mtoto wetu hatukuijua.

Ziwa Tanganyika linatulisha ndagala na mikebuka. Lakini mtoto asiyejua kuogelea anazama haraka, upande wa Rusizi kuna mamba na viboko, na kipindupindu kinarudi mara kwa mara mjini kwetu. Ugonjwa huo unaenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Maji ya ziwa yanaweza kuonekana safi na bado yakaua.

Kumkataza tu hakutoshi, kwa sababu mtoto asiye na la kufanya atarudi kule kule. Basi sisi na mama yake tulikubaliana mambo matatu. Tukienda kumwona mgonjwa wa karibu, ambaye ugonjwa wake hauambukizi, tunaenda naye. Maji ya kunywa tunayachemsha pamoja naye, tukimweleza sababu, na kabla ya kula wote tunanawa kwa sabuni. Jumamosi tunaenda naye ziwani sisi wenyewe, anaoga tukiwa tumesimama pale.

Hatukufaulu kila siku. Kuna siku msiba ulituchukua mpaka usiku. Lakini sasa, kabla ya kutoka, tunajua yuko kwa nani na atarudi saa ngapi.

Ndugu mzazi, unaposoma haya, mtoto wako yuko wapi? Mwezi wa tisa mwalimu atampokea tena. Tumrudishie mtoto tunayemjua.

Bwana azilinde nyumba zenu.