Mafuta ya mawese Kisangani: lita moja ni kilo moja?

Katika masoko ya Kisangani mawese huuzwa kwa chupa, kwa bidoni na kwa futi (pipa kubwa). Viwanda na wafanyabiashara wa kimataifa huyahesabu kwa tani. Hesabu hizi mbili zinapokutana, kuna mtu anayepoteza pesa, na mara nyingi ni yule aliyekata ngazi (mikungu ya michikichi) au mama anayeuza rejareja. Ndiyo maana madai yafuatayo yanastahili kupimwa moja moja.

“Bidoni ya lita 20 ina kilo 20.” Uongo. Kwa maji ni karibu kweli, lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo sababu huelea juu ya mchuzi. Katika joto la kawaida la Kisangani, lita moja ya mawese ina gramu 910 hivi. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 ina kilo 18 na kidogo, ya lita 25 ina karibu kilo 23, na futi la lita 200 lina kilo 182 hivi. Ukiwa na lita, zidisha kwa 0.91 upate kilo. Ukiwa na kilo, zidisha kwa 1.1 upate lita.

Kwenye tani ndipo kosa linapouma. Tani moja ni lita 1,100 hivi, yaani bidoni 55 za lita 20. Mnunuzi aliyelipia tani akapewa bidoni 50 amepokea kilo 910 tu. Bidoni tano zimebaki kwa muuzaji. Kinyume chake, mkulima aliyeshusha bidoni 50 kutoka kwenye mtumbwi akitarajia malipo ya tani atadhani mizani imemwibia, kumbe mizani iko sawa. Ugomvi wa namna hiyo huvunja urafiki wa miaka bila sababu.

“Mawese yaliyoganda asubuhi yana uzito zaidi.” Uongo. Mawese huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 35, na usiku wa Kisangani haufiki huko, kwa hiyo kuganda ni jambo la kawaida. Kilo hazibadiliki. Kinachobadilika ni nafasi: mafuta yakipata joto hutanuka. Futi la lita 200 likiongezeka joto kwa nyuzi 15 huonyesha lita mbili zaidi, bila hata gramu moja kuongezeka. Anayenunua kwa lita afadhali apime kabla jua halijawaka.

“Michikichi ya mbegu ya Yangambi hutoa mafuta mazito kuliko ya porini.” Uongo. Kazi iliyofanywa Yangambi, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi unene wa gamba la kokwa unavyorithiwa, na kwamba kuzalisha aina ya gamba nene na ile isiyo na gamba huleta chikichi lenye gamba jembamba na nyama nyingi. Mkungu hutoa mafuta mengi zaidi. Uzito wa lita unabaki uleule.

“Mizani itafichua mafuta yaliyotiwa maji.” Uongo, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote, kwa kuwa unamlinda mwizi. Chukua lita 18 za mawese, ongeza lita 2 za maji: bidoni itakuwa na kilo 18.4 badala ya 18.2. Mizani ya sokoni haioni tofauti hiyo, na ikiiona, humpa mwizi faida. Acha bidoni itulie, kisha chunguza sehemu ya chini, kwani maji hukaa huko. Au pasha mafuta kidogo kwenye sufuria kavu, ukisimama mbali: yenye maji hulia na kurusha matone.

“Mafuta ya alizeti na ya soya yana hesabu yake tofauti kabisa.” Uongo. Lita yake ina gramu 920 hivi. Kwa matumizi ya nyumbani tofauti hiyo haina maana: kijiko cha mililita 15 cha mafuta yoyote kati ya haya kina gramu 14 hivi.

“Unapopima kwa mizani, uzito wa bidoni yenyewe si kitu.” Uongo. Ipime ikiwa tupu, uutoe uzito wake kwenye hesabu.

Mama unayenunua ili uuze, na baba unayeleta mafuta kutoka Isangi au Basoko: kabla ya kutaja bei, ulizeni kama ni ya lita au ya kilo, na jibu liandikwe kwenye risiti.